Dozi Chache, Watu Wengi: Nani Atatangulia?



Katika muda wa miaka mia moja na ushei homa ya mafua imeitikisa dunia nzima mara nne: mwaka 1918, mwaka 1957, mwaka 1968 na mwaka 2009. Hatusemi habari za mafua ya kila msimu, yale yanayomlaza mtu siku chache kisha akarudi shambani. Twasema habari za mafua yanayoletwa na kirusi kipya, ambacho miili ya watu wengi haijapata kukutana nacho. Janga la mwaka 1918 lilimpata takribani mtu mmoja kati ya kila watatu duniani, na inakadiriwa kwamba liliua watu wapatao milioni 50. Katika Afrika Mashariki lilipitia bandarini, likafuata njia ya reli, likawakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na vita na upagazi.

Wataalamu hawabishani kama janga jingine la mafua litakuja. Wabishana litakuja lini, na litatoka kwa ndege, kwa nguruwe au kwa mnyama mwingine. Mwezi Machi mwaka 2024 kirusi cha mafua ya ndege kiitwacho H5N1 kiligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Marekani, jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Siku kirusi cha namna hiyo kitakapojifunza kupita kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu, chanjo zitakuwa chache, vitanda vitakuwa vichache, mitungi ya oksijeni itakuwa michache, na wauguzi wenyewe watakuwa wakiugua. Swali litakalotukabili ni moja: nani atatangulia?

Maoni yetu ni haya. Swali hilo lazima lijibiwe kabla ya janga. Lijibiwe kwa msaada wa hesabu, kwa maana huruma isiyo na hesabu hupoteza watu wengi. Lakini lengo ambalo hesabu hiyo itatumikia lisiachwe mikononi mwa wataalamu peke yao, kwa kuwa kuchagua lengo ni suala la haki, na haki ni ya watu wote.

1. Adui asiyengoja kikao

Kwanza yafaa tuelewe mwendo wa adui huyu. Tuseme kila mgonjwa huwaambukiza wengine wawili, na kwamba hupita siku tatu hivi kabla ya hao wawili kuambukiza nao. Baada ya siku tatu kuna wagonjwa wapya wawili; baada ya siku sita, wanne; baada ya siku tisa, wanane. Kwa mwendo huo, ifikapo siku ya 30 mgonjwa yule mmoja amezaa kizazi cha kumi, chenye wagonjwa wapya 1,024. Katika maisha ya kweli mwendo huo hupungua kadiri watu wanavyojihadhari na kadiri wengi wanavyopata kinga baada ya kuugua, lakini mwanzoni ndivyo mambo yanavyokwenda. Kikao kilichoahirishwa kwa siku 15 hukuta tatizo limekuwa kubwa mara 32.

Historia yatoa ushahidi. Katika vuli ya mwaka 1918, jiji la Philadelphia huko Marekani liliruhusu gwaride kubwa la tarehe 28 Septemba, ambalo lilikusanya watu wapatao 200,000, ingawa wagonjwa walikwisha kuonekana mjini. Amri ya kufunga shule na mahali pa mikutano ilitolewa siku 16 baada ya wagonjwa wa kwanza kutangazwa. Jiji la St. Louis lilifunga siku mbili tu baada ya wagonjwa wake wa kwanza. Watafiti waliolinganisha majiji hayo mwaka 2007 walikuta kwamba, katika wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote, Philadelphia ilipata vifo vya ziada 257 kwa kila watu 100,000, na St. Louis, wakati masharti yake yakiwa bado yanatumika, haikuzidi vifo 31. Ni kweli kwamba St. Louis ilipolegeza masharti vifo vilipanda tena. Lakini hospitali zake hazikuzama kwa mara moja kama zile za Philadelphia.

Somo ni wazi. Siku za kwanza ndizo zenye thamani kubwa, na katika siku hizo hapatakuwa na nafasi ya kuanza kujifunza kupanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Elimu hii ni ipi?

Iko elimu ya kupanga kazi kwa hesabu, ambayo wasomi huiita utafiti wa uendeshaji. Elimu hii huuliza: tuna watu wangapi, magari mangapi, dozi ngapi na siku ngapi, tunataka kufikia nini, na ni kwa mpango gani vitu hivi vichache vitatufikisha mbali zaidi? Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu hii ndiyo daftari lenyewe, ila limepanuliwa.

Mizizi yake ni ya amani na ya vita pia. Mwaka 1909 Agner Erlang, Mdenmarki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa maandiko yaliyokuja kuwa msingi wa hesabu za foleni: simu ngapi zitapigwa kwa wakati mmoja, na mpigaji atangoja kwa muda gani. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanafizikia Patrick Blackett na wenzake walilisaidia jeshi la majini la Uingereza kulinda meli za mizigo dhidi ya nyambizi za Ujerumani. Wanamaji walikuwa wameshika desturi ya kutofanya misafara ya meli kuwa mikubwa mno. Blackett na wenzake walipochungua kumbukumbu za safari waligundua kwamba adui akiukuta msafara huzamisha karibu idadi ileile ya meli, uwe msafara mkubwa au mdogo. Kwa hiyo msafara mkubwa hupoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake. Misafara ikaongezwa ukubwa, na meli nyingi zikafika salama bila kuongezwa manowari za ulinzi.

Tangu hapo elimu hii imeingia viwandani, bandarini, katika viwanja vya ndege na hospitalini. Kwa upande wa mafua, hutumika kukadiria akiba ya dawa itakayotosha, kupanga vituo vya chanjo, kugawa vitanda, na kuchagua ni kundi gani lichanjwe kwanza.

3. Foleni ya kituo cha chanjo

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri zenye kompyuta kubwa. Sisi twaona kinyume chake. Mwenye ghala lililojaa aweza kumwaga bila kupima. Mwenye kibaba kimoja ndiye asiye na ruhusa ya kukosea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ukumbi wa parokia umegeuzwa kuwa kituo cha chanjo. Wapo wafanyakazi wanane: wachanjaji sita, na makarani wawili wanaoandika majina. Mchanjaji humaliza mtu mmoja kwa dakika tatu, yaani watu 20 kwa saa. Karani humaliza mtu mmoja kwa dakika tano, yaani watu 12 kwa saa. Wachanjaji sita wana uwezo wa kuchanja watu 120 kwa saa; lakini makarani wawili hupitisha watu 24 tu. Foleni inajaa uani, wagonjwa na wazima wamesongamana, na ndani wachanjaji wamekaa mikono mitupu. Kwa siku ya saa nane kituo kitahudumia watu 192. Watu 10,000 watahitaji siku 53.

Mtu asiyepiga hesabu ataona foleni na kulia: "Tuongezeeni wauguzi!" Wauguzi wakiongezwa hata kumi, foleni haitapungua kwa mtu mmoja, kwa sababu kizuizi kiko kwenye meza ya kuandikisha. Sasa tuwahamishe wachanjaji watatu wakasaidie kuandika. Makarani watano watapitisha watu 60 kwa saa, na wachanjaji watatu watachanja watu 60 kwa saa. Kituo kitahudumia watu 480 kwa siku, na watu 10,000 watamalizika kwa siku 21. Hakuna mtu aliyeongezwa, wala shilingi moja iliyotumika zaidi. Siku 32 zimeokolewa kwa penseli na karatasi. Tukikumbuka mwendo wa adui tuliyemweleza hapo juu, twaelewa kwamba siku 32 ni uhai wa watu.

Mfano huu wahitaji mwalimu mmoja wa hesabu, muuguzi mwenye saa ya mkononi, na viongozi walio tayari kufanya mazoezi siku moja kabla ya hatari. Hauhitaji kompyuta.

4. Hesabu hutufundisha tusilolidhani

Aidha, hesabu huweza kusahihisha hata fadhila zetu. Tukiulizwa mafua yanamuua nani zaidi, mara nyingi tutajibu: wazee. Kwa hiyo tutasema: wazee wachanjwe kwanza. Neno hilo ni jema. Lakini nani humletea bibi mafua nyumbani? Mara nyingi ni mjukuu atokaye shuleni.

Japani ilikuwa na mpango wa kuwachanja wanafunzi dhidi ya mafua kuanzia miaka ya 1960. Mwaka 1987 wazazi waliruhusiwa kukataa, na mwaka 1994 mpango ule uliachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba kuwachanja watoto kulikuwa kumezuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kila mwaka, hasa vya wazee. Ukubwa wa tarakimu hizo umejadiliwa tangu wakati huo, lakini funzo limebaki: pengine njia ya kumlinda mnyonge ni kumkinga yule anayemzunguka. Hali kadhalika, uchunguzi wa kihesabu uliotolewa mwaka 2009 huko Marekani ulionyesha kwamba dozi zikielekezwa kwa watoto wa shule na kwa watu wa umri wa wazazi wao, vifo na maambukizo vingepungua kuliko kwa taratibu zilizokuwa zikipendekezwa.

Hatusemi kwamba kila janga litafuata njia hiyo. Chanjo ikichelewa mpaka ugonjwa umekwisha kuenea kila mahali, huenda ikawa bora kumkinga mzee moja kwa moja. Tunachosema ni kwamba nia njema peke yake haioni mbali hivyo. Yahitaji kushikwa mkono na hesabu.

5. Lakini je, nani ameweka lengo?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Hesabu hutafuta njia bora ya kufikia lengo. Haichagui lengo. Lengo huwekwa na mtu, mara nyingi kwa sentensi moja, na mara nyingi bila mtu mwingine kuulizwa.

Turudi kwenye mfano wa kubuni. Wilaya ina mji ulio kando ya barabara ya lami, na ina visiwa vya wavuvi ziwani. Kikosi cha wachanjaji kikikaa mjini huchanja watu 480 kwa siku. Kikipanda mashua, kwa sababu ya safari na kwa kuwa watu wametawanyika, huchanja watu 120 tu. Sasa mpe mpangaji lengo hili: watu wengi iwezekanavyo wachanjwe kila siku. Jibu la hesabu litakuwa lilelile leo, kesho na keshokutwa: kaeni mjini. Mashua haitang'oa nanga mpaka mtu wa mwisho wa mjini awe amechanjwa. Na dozi zikiwa chache, siku hiyo haitafika kamwe. Hakuna aliyewachukia wavuvi. Hakuna aliyepokea rushwa. Wametupwa na sentensi moja.

Badili sentensi: vifo viwe vichache iwezekanavyo. Sasa mpangaji analazimika kuuliza jambo ambalo hakuliuliza mwanzo: mgonjwa wa kisiwani akizidiwa, oksijeni iko umbali gani? Ikiwa iko mbali kwa mwendo wa siku nzima, dozi moja kisiwani huenda ikaokoa uhai zaidi kuliko dozi moja mjini, na mashua itaondoka mapema. Badili tena: kusiwe na kata itakayoachwa nyuma ya nyingine kupita kiasi kilichokubaliwa. Mashua itaondoka katika wiki ya kwanza.

Kila lengo lina bei yake. Siku tano za mashua huwafikia wavuvi 600, na kwa ajili hiyo watu 2,400 wa mjini hungoja siku tano zaidi. Faida kubwa ya hesabu ni kwamba hutuonyesha bei hii waziwazi, ili tusijidanganye kwamba haki haina gharama. Lakini hesabu haiwezi kutuambia kama bei hiyo yafaa kulipwa. Hilo ni la dhamiri na la mashauriano, na watu wa mjini na wa visiwani wote wana haki ya kusikilizwa.

Lipo swali gumu kuliko hilo. Mashine ya kupumulia ikiwa moja na wagonjwa ni wawili, je, lengo ni kuokoa watu wengi, au ni kuokoa miaka mingi ya kuishi? Maneno haya mawili yafanana, lakini matunda yake ni mbalimbali. La kwanza humhesabu nyanya kuwa mtu mmoja na kijana kuwa mtu mmoja. La pili humhesabu nyanya kuwa miaka michache na kijana kuwa miaka mingi. Swali hili si la kubuni. Mwezi Machi mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, chama cha madaktari wa nusukaputi na wagonjwa mahututi cha Italia kilitoa mwongozo uliosema kwamba huenda ikabidi kuweka kikomo cha umri kwa wanaoingizwa katika vyumba vya mahututi. Madaktari wale hawakuwa wakatili. Walikuwa wamezidiwa, na jamii yao ilikuwa haijawaambia mapema itakalo.

Msimamo wetu ni kwamba kila uhai uhesabiwe kuwa mmoja. Tabibu aweza kupima ni nani atakayefaidika na tiba, lakini umri, cheo, ulemavu au mfuko wa mtu visiwe sababu ya kumpunguzia thamani. Tena twakubali wahudumu wa afya watangulie kuchanjwa, kwa maana muuguzi akianguka wagonjwa wake huanguka pamoja naye. Lakini neno "wahudumu muhimu" lisinyooshwe mpaka likawafunika wakubwa, wake zao na madereva wao. Msomaji aweza kuwa na msimamo mwingine. Tunachodai ni kwamba msimamo wowote utakaotumika uwe umesemwa mchana kweupe, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

6. Daftari la dunia

Dhuluma hii ya lengo lisilosemwa haiko wilayani tu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la mafua tarehe 11 Juni 2009. Wakati huo nchi tajiri zilikuwa na mikataba ya kununua chanjo kabla haijatengenezwa. Ufaransa peke yake iliagiza dozi milioni 94, na mwisho wa yote hata mtu mmoja kati ya kumi nchini humo hakuchanjwa. Dozi za msaada kwa nchi maskini zilianza kufika mwanzoni mwa mwaka 2010, baada ya wimbi kubwa kupita mahali pengi. Kwa jumla zilikuwa dozi milioni 78 kwa nchi 77. Baadaye watafiti walikadiria kwamba katika mwaka wake wa kwanza janga lile liliua watu kati ya 151,700 na 575,400, na kwamba nusu hivi ya vifo hivyo vilitokea Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Ilikuwa bahati kwamba kirusi kile kilikuwa dhaifu kuliko ilivyohofiwa.

Kila serikali ilikuwa na wapangaji wake, na huenda kila mpangaji alipiga hesabu sawasawa. Lakini lengo la kila mmoja lilikuwa watu wa nchi yake tu. Ukijumlisha hesabu sahihi mia moja za namna hiyo wapata jibu moja lisilo sahihi: chanjo zimejaa mahali zisipohitajika, na hazipo zinapohitajika. Katika janga la Korona, ingawa si mafua, jambo lilelile lilionekana tena: mwaka 2021 ulikwisha kabla hata Mwafrika mmoja kati ya kumi hajakamilisha chanjo.

Wako waliokataa kukaa kimya. Mwaka 2007 Indonesia ilisitisha kupeleka sampuli za kirusi cha H5N1 kwenye maabara za kimataifa, ikisema kwamba sampuli zake hutumika kutengeneza chanjo ambazo watu wake hawatamudu kuzinunua. Wengi waliilaumu kwa kuhatarisha dunia, na hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini malalamiko yale yalizaa matunda: mwezi Mei mwaka 2011 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha utaratibu wa kushirikishana virusi vya mafua pamoja na faida zitokanazo navyo, ili sehemu ya chanjo zitakazotengenezwa wakati wa janga ipitie mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Tarehe 20 Mei 2025 mkutano huohuo ulipitisha Mkataba wa Majanga, unaolenga kwamba watengenezaji watakaoshiriki watoe asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wanavyozalisha wakati wa janga, na angalau nusu ya sehemu hiyo iwe bure. Maelezo ya utaratibu huo yaliachwa yajadiliwe katika kiambatisho. Yafaa tukumbuke kwamba tarakimu hiyo ya asilimia 20 nayo ni lengo lililowekwa na watu. Haikutoka mbinguni, wala haikutoka kwenye kompyuta.

7. Wasioandikwa na hasara zisizoandikwa

Daftari huona kilichoandikwa tu. Mtu asiye na kitambulisho, mkimbizi, mfungwa, mtumishi wa ndani, mchuuzi alalaye sokoni, mfugaji anayehama na mifugo yake: hawa katika hesabu ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa dozi zozote hubaki sifuri. Mpangaji hodari kuliko wote hawezi kumpelekea chanjo mtu ambaye kwake hayupo. Hapa ndipo viongozi wa walei walipo na kazi isiyoweza kufanywa na mtu mwingine. Jumuiya ndogo ndogo zajua ni mlango gani una mgonjwa aliyefichwa, ni nyumba gani mzee anaishi peke yake, ni nani hutembea kwa magongo. Elimu hiyo ni sehemu ya takwimu, na isipofika kwenye meza ya mpango, mpango una upofu.

Vivyo hivyo zipo hasara zisizoandikwa. Katika janga la Korona Uganda ilifunga shule, nzima au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote. Ugonjwa haukuwa wa kuchezewa. Lakini mtoto aliyeacha masomo, msichana aliyeolewa kabla ya wakati, kibarua aliyekosa mlo wa siku: hasara zao ni za kweli kama vilivyo vifo. Mpango unaohesabu vifo peke yake utafunga kila kitu kwa muda mrefu. Mpango unaohesabu fedha peke yake hautafunga lolote. Wenye haki ni ule unaoziandika hasara zote, ukaeleza ni nani atakayezibeba, na ukawaandalia posho wale watakaoambiwa wakae nyumbani kwa faida ya wengine wote.

Tena hesabu hukosea, kwa sababu huanza na makadirio. Yaliyotokea Ufaransa mwaka 2009 yatosha kuwa ushahidi. Kwa hiyo mpango wowote useme utarekebishwa lini, kwa taarifa zipi, na nani ana mamlaka ya kusema: tulidhani hivi, sasa twaona vile. Mpango usiokubali kurekebishwa umekwisha kuwa amri.

8. Tunalodai, na wajibu wetu

Kwa hiyo basi, twawasihi wote wenye mamlaka, na twajihimiza sisi wenyewe, katika mambo haya manne.

Kwanza, mpango wa wilaya wa kukabili janga la mafua utangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ukurasa wake wa kwanza useme lengo ni lipi na nani atatangulia kwa sababu gani.

Pili, wananchi washirikishwe kuliweka lengo hilo, wakiwemo wale wakaao mbali na lami.

Tatu, vituo vya chanjo vifanyiwe mazoezi kabla ya hatari, dakika zihesabiwe, na kizuizi kitafutwe. Kumbi, shule na vyombo vya usafiri vya jamii viandikwe mapema.

Nne, kila jumuiya ifanye orodha ya watu walio katika hatari na wasioonekana, kwa ridhaa yao na kwa kutunza siri zao, maana orodha ya wanyonge ikiangukia mikono mibaya huwa silaha.

Haya yote yawezekana sasa, wakati hakuna hofu. Mtu aliye katika foleni ya wenye homa hawezi kujadili haki kwa utulivu, hutafuta upenyo. Tukiyaacha mambo haya hadi siku hiyo, jibu la swali letu litatolewa na mwenye nguvu, mwenye fedha au mwenye kujuana na karani. Nalo pia ni jibu. Ni lile ambalo maskini wamezoea kupewa.

Maswali ya kujadiliwa katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni watu gani ambao hawamo katika orodha yoyote? Tutawafikiaje?

2. Ikiwa dozi zitatosha mtu mmoja tu kati ya kumi, tungependa lengo la kuzigawa liwe lipi? Nani atapata hasara kwa lengo hilo, na je, tumemsikiliza?

3. Je, tunajua kama wilaya yetu ina mpango wa kukabili janga la mafua? Nani kati yetu atakwenda kuuliza, na atarudi na jibu lini?